UTEPE WA MKONONI NA ULINZI WA WAGENI KATIKA NCHI JIRANI

Mwezi Septemba mwaka 2023, Shirikisho la Soka la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Kwa mwananchi wa kawaida habari hiyo ni ya furaha. Kwa askari ni kazi. Mashindano ya namna hiyo huleta maelfu ya wageni: wachezaji, viongozi, waandishi wa habari, wafanyabiashara na mashabiki. Kila mmoja wao hupita katika lango fulani, liwe la uwanja, la hoteli, la kiwanja cha ndege au la ofisi, na katika kila lango husimama mtu ambaye kazi yake ni kuamua nani apite na nani asipite.

Katika mazungumzo haya tutakitazama chombo kimoja kidogo ambacho kimeenea katika malango hayo kwa jirani zetu, nacho ni utepe wa utambulisho unaofungwa mkononi mwa mgeni. Wengi wetu tumekwisha kuuona. Ni ukanda mwembamba wa plastiki, wa nguo au wa karatasi ngumu isiyochanika kwa urahisi, wenye rangi na pengine namba, unaofungwa kwenye kifundo cha mkono na usiovuliwa mpaka ukatwe. Katika hoteli za pwani ya Kenya, hasa zile ambazo mgeni hulipia malazi, chakula na vinywaji kwa pamoja, mgeni hufungwa utepe huo anapowasili na hukaa nao hadi siku anapoondoka. Hutumika pia katika matamasha ya muziki, katika mikutano mikubwa na katika viwanja vya michezo.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: Je, utepe huo unalinda? Na kama unalinda, unalinda dhidi ya nini, na kwa masharti gani? Swali hili tusilidharau, kwa maana jirani zetu wamekwisha kulipa gharama kubwa ya kujifunza jibu lake.

Tuanze na mfano wa zamani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, wageni walikuwa wakiuaga mwaka katika hoteli ya Norfolk mjini Nairobi. Bomu lililipuka na kubomoa sehemu ya jengo. Watu wapatao 20 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Wachunguzi walieleza kwamba bomu lilitegwa ndani ya chumba cha hoteli, na kwamba mtu aliyeshukiwa alikuwa amekodi chumba hicho kama mgeni mwingine yeyote, kisha akapanda ndege na kuondoka Kenya kabla ya mlipuko. Shambulio hilo lilihusishwa na kisasi kwa msaada ambao Kenya iliwapa Waisraeli wakati wa uvamizi wa Entebbe mwezi Julai mwaka 1976.

Ndugu wasikilizaji, tumtazame mtu huyo kwa jicho la mlinzi. Alifika mapokezi. Jina liliandikwa katika daftari. Malipo yalitolewa na ufunguo ukakabidhiwa. Kama hoteli ile ingekuwa na utaratibu wa tepe za mkononi, bila shaka na yeye angefungwa utepe wa rangi inayostahili, na kila mhudumu aliyepishana naye katika ujia angemtambua kuwa ni mgeni halali. Utepe ungethibitisha kwamba amepita mapokezi. Usingeeleza kilichomo ndani ya sanduku lake.

Sasa tuutazame mfano wa pili. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, wageni kutoka Israel walikuwa ndiyo kwanza wamewasili katika hoteli ya Paradise huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa. Wacheza ngoma wa Kigiriama walikuwa wakiwalaki. Gari lililobeba mabomu lilivunja kizuizi cha lango, likaingia mpaka kwenye jengo na kulipuka. Watu 13 waliuawa, mbali ya washambuliaji wenyewe. Kumi kati yao walikuwa Wakenya, wakiwamo wacheza ngoma hao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akafa pamoja naye, maana mtu aliyekusudia kuua hakupita mapokezi hata kidogo. Kwa adui wa namna hiyo, utepe wa mkononi ni sawa na kutokuwapo.

Basi tunao maadui wa namna mbili. Yuko anayeingia kwa utaratibu, akiwa na karatasi zake mkononi, na yuko anayevunja utaratibu kwa nguvu. Wa kwanza huupata utepe na wa pili hauhitaji. Msikilizaji anaweza kuuliza, kama ni hivyo, tepe hizi zina faida gani? Faida zipo, tena ni kubwa, lakini hapana budi kila mlinzi ajue mipaka yake.

Faida ya kwanza ni kwamba utepe hauazimiki kwa urahisi. Kadi ya mgeni inayoning'inizwa shingoni au kubanwa kifuani hukopesheka. Mtu huingia nayo, akampa mwenzake kwenye uzio au dirishani, na mwenzake naye akaingia. Kadi husahaulika mezani, huokotwa na hupotea. Utepe uliofungwa barabara haumtoki mtu mpaka ukatwe, na ukishakatwa haufungiki tena. Zile za karatasi ngumu huwa na mikato midogo karibu na gundi, ili mtu akijaribu kuibandua, ichanike na kuacha dalili. Zile za plastiki huwa na kifungo kinachobana mara moja tu. Na zile za nguo, ambazo hutumika kwa shughuli ya siku kadhaa, hukazwa kwa kipande kidogo kinachokwenda mbele bila kurudi nyuma.

Faida ya pili ni kwamba utepe huonekana kwa mbali na humwacha mvaaji mikono mitupu. Askari wa doria hana haja ya kumsimamisha kila mtu na kumwomba karatasi. Humtupia jicho mkononi akaendelea na lindo lake, na akili yake ikabaki kwa yule asiye na utepe, au mwenye utepe wa eneo jingine.

Faida ya tatu ni hesabu. Tepe zikitolewa kwa namba, na kila namba ikaandikwa katika daftari pamoja na jina na saa, mkuu wa zamu anaweza wakati wowote kujua watu wangapi wamo ndani na ni akina nani. Pakitokea moto, mlipuko au shambulio, hesabu hiyo ni uhai. Kikosi cha uokoaji kinachoingia bila kujua kama ndani mna watu 50 au 500 kinafanya kazi gizani.

Kuna na faida ya nne, ambayo huonekana siku ya msiba. Mtu aliyejeruhiwa hawezi kusema jina lake, na mkoba wake huenda umepotea katika msukosuko. Kilichofungwa mkononi hubaki mkononi. Ndiyo sababu hospitali huwafunga wagonjwa na watoto wachanga tepe za majina. Ndiyo sababu pia, baada ya maafa ya Mina ya mwezi Septemba mwaka 2015 ambamo mahujaji wa nchi nyingi walipoteza maisha, wakiwamo waliotoka Afrika Mashariki, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza mwaka 2016 mpango wa kuwavisha mahujaji bangili za kielektroniki zenye habari zao za utambulisho na za afya.

Hizo ndizo faida. Lakini zote zinasimama juu ya sharti moja: lango lenyewe liwe la kweli. Utepe hujibu swali moja tu, nalo ni kama mtu huyu amepita langoni leo. Maswali mengine, kwamba ni nani, amefuata nini, amebeba nini, na kwa nini macho yake yanahangaika, utepe hauyajibu. Hayo ni kazi ya mlinzi. Na ubaya wa chombo chochote cha usalama ni kwamba kinaweza kumfanya mlinzi aache kuuliza. Akishaona rangi anayoitarajia, akili yake hulala.

Ninyi askari mnazijua tepe za namna nyingine, zile za cheo. Mnajua kwamba mtu anaweza kushona tepe tatu katika mkono wa shati lake asiwe sajini. Ndivyo ilivyo kwa utepe wa mgeni. Ni alama ya kazi iliyofanyika. Kama kazi yenyewe haikufanyika, alama hiyo ni uongo unaotembea.

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walikuwa wamekusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kihabeshi mjini Kampala. Zilikuwa sehemu za starehe, na watu waliingia kama watu waingiavyo mahali pa starehe. Mabomu yalilipuka katika sehemu zote mbili na zaidi ya watu 70 waliuawa. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilidai kuhusika. Baada ya usiku huo, ukaguzi wa miili na mikoba ukawa jambo la kila siku katika maduka makubwa, hoteli na majengo ya serikali mjini Kampala.

Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe 16 Novemba 2021, washambuliaji waliojifunga mabomu waliingia tena katikati ya mji huo. Mlipuko wa kwanza ulitokea kwenye kizuizi cha ukaguzi cha Kituo Kikuu cha Polisi. Wako waliokufa na wako waliojeruhiwa, wakiwamo askari, na hatusemi kwamba hiyo ilikuwa siku ya ushindi. Lakini bomu lililipukia kizuizini. Halikufika ndani ya kituo, mahali penye watu wengi zaidi. Tofauti kati ya Kyadondo mwaka 2010 na kizuizi kile mwaka 2021 ni watu waliosimama njiani na kufanya ukaguzi.

Hata sisi Watanzania tunalo kumbukumbu la namna hiyo. Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilishambuliwa asubuhi moja. Nairobi waliuawa watu 213. Huko, walinzi wa lango la nyuma ya ubalozi hawakukubali kulifungulia lori lililobeba mabomu. Lori likalipuka nje ya jengo, na ingawa madhara yalikuwa makubwa kupita kiasi, halikupata kuingia lilikotaka. Dar es Salaam waliuawa watu 11, na walinzi wa Kitanzania wa langoni walikuwa miongoni mwao. Gari la maji lililokuwapo langoni wakati ule lilizuia njia ya lori la mabomu. Watu hao wa langoni hawakuwa na vyeo vikubwa. Yafaa wakumbukwe kila tunapozungumza juu ya vyombo vya usalama, maana wao ndio walikuwa chombo chenyewe.

Ndugu wasikilizaji, ziko njia nne ambazo utaratibu wa tepe huharibika, na zote zinaweza kuzuiwa.

Njia ya kwanza ni ulegevu wa kufunga. Mlinzi aliyechoka, au anayeona haya kumkaza mgeni mkono, huufunga utepe ukalegea. Mgeni akishakwenda hatua ishirini huuvua kama bangili na kumpa amtakaye. Utepe unaoweza kupita juu ya kiganja haukufungwa. Kanuni ni rahisi: uache nafasi ya kidole kimoja, isizidi hapo, na mlinzi aufunge mwenyewe kwa mkono wake. Asimpe mgeni akajifunge.

Njia ya pili ni rangi isiyobadilika. Tepe tupu huuzwa madukani, na mtu yeyote anaweza kununua boksi la tepe nyekundu au za kijani. Mahali ambapo rangi ni ile ile mwezi mzima, adui anahitaji siku moja tu ya kutazama. Askari anaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa maana neno la siri la usiku hubadilishwa kila usiku, na hakuna kamanda atakayekubali neno la jana litumike leo. Rangi ya utepe ndiyo neno la siri la mchana. Nayo ibadilishwe, tena ratiba yake isijulikane na kila mtu. Na pamoja na rangi, namba isomwe. Rangi huigika, namba ambayo haimo katika daftari hujifichua yenyewe.

Njia ya tatu ni kutojali wakati wa kutoka. Malango mengi huhesabu wanaoingia tu. Jioni ikifika, hakuna ajuaye kama yule aliyeingia saa nne asubuhi alitoka au amejificha katika choo cha ghorofa ya tatu. Utepe ukatwe langoni mgeni anapotoka, kipande kirudishwe, na namba ifutwe katika daftari. Namba isiyorudi ni mtu ambaye hajatoka, na mkuu wa zamu asifunge hesabu ya siku kabla ya kujua aliko.

Njia ya nne ni mbaya kuliko zote, nayo ni mlinzi aliyenunuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi Novemba mwaka 2021, wafungwa watatu waliohusishwa na makosa ya ugaidi walitoroka katika gereza la Kamiti karibu na Nairobi, gereza lenye kuta, minara na askari. Walikamatwa siku chache baadaye huko Kitui, lakini fedheha ilikuwa imekwisha kuingia. Askari wa magereza walifikishwa mahakamani na Mkuu wa Magereza akaondolewa katika kazi yake. Mahali ambapo askari mwenyewe anashukiwa, hakuna utepe, kadi wala mashine itakayosaidia. Kwa hiyo anayetoa tepe asiwe ndiye anayezihesabu, na boksi la tepe lifungiwe kama zinavyofungiwa risasi katika ghala ya silaha.

Tukiacha ugaidi, liko na jambo la umati. Mwezi Agosti mwaka 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa wenyeji wa mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika. Katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, watu wasio na tiketi walilazimisha kuingia. Shirikisho la Soka la Afrika lilichukua hatua: lilipunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa uwanjani hapo na kutaka tiketi za kielektroniki pekee zitumike. Tusiwacheke jirani zetu. Umati unaoipenda timu yake ni umati ule ule, uwe Nairobi, uwe Kampala, uwe Temeke. Somo la Kasarani ni kwamba utambulisho hauwezi kuanzia kwenye mlango wa uwanja, mahali ambapo maelfu wamekwisha kusongamana. Ni lazima uanzie mbali, katika kizuizi cha nje, ili yule asiye na tiketi arudishwe mapema, mahali penye nafasi, bila mtu kukanyagwa. Aliyethibitishwa huko nje akifungwa utepe, mlango wa ndani hufanya kazi nyepesi ya kutazama mkono.

Liko na jambo jingine ambalo linawahusu askari wenyewe zaidi kuliko wageni. Tarehe 21 Septemba 2013, watu wanne wenye silaha walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Waliingia wakipiga risasi, na watu 67 waliuawa. Mapambano yalichukua siku nne. Katika saa za mwanzo, polisi wa kawaida, polisi waliovaa nguo za kiraia, raia wenye bunduki za leseni, kikosi maalumu cha polisi, na baadaye wanajeshi, wote waliingia katika jengo moja. Iliripotiwa kwamba askari wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wenzao wa jeshi, waliodhani kwamba ni adui. Hakukuwa na amri moja, wala alama moja ya kumtambua rafiki.

Miaka zaidi ya mitano baadaye, tarehe 15 Januari 2019, washambuliaji walivamia hoteli ya DusitD2 na maofisi yaliyo pamoja nayo, katika mtaa wa Riverside mjini Nairobi. Watu 21 waliuawa, na hakuna idadi ya vifo inayoweza kuitwa ndogo. Lakini safari hii shughuli ilikwisha kesho yake asubuhi, na serikali ya Kenya ilitangaza kwamba watu zaidi ya 700 walitolewa salama. Watazamaji wengi waliona kwamba vikosi vilifanya kazi kwa umoja zaidi kuliko mwaka 2013. Funzo kwa majeshi yetu ni kwamba utambulisho una pande mbili. Wageni wajulikane, na walinzi nao wajulikane wao kwa wao. Kitambaa cha rangi moja kilichofungwa mkononi mwa kila askari aliyeko katika shughuli, rangi iliyotajwa katika amri ya asubuhi hiyo, kinaweza kuokoa maisha ya mwenzako ambaye hujapata kumwona.

Sasa ndugu wasikilizaji, hatuwezi kumaliza bila ya kugusa heshima ya mtu. Katika sehemu hii ya dunia, kumfunga mtu alama mwilini si jambo geni, na kumbukumbu yake ni chungu. Kuanzia mwaka 1920 hivi, serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, karatasi yenye jina, alama za vidole na habari za kazi, iliyotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Asiyekuwa nacho alishtakiwa. Kipande hakikuwekwa kwa ajili ya usalama wa aliyekivaa. Kiliwekwa ili mwajiri na polisi wamtawale. Ndiyo maana Harry Thuku na wenzake walikipinga, na ndiyo maana watu walipokusanyika Nairobi mwezi Machi mwaka 1922 kudai afunguliwe, walipigwa risasi na wengi wakafa.

Rwanda nayo ilirithi kutoka kwa Wabelgiji vitambulisho vilivyoandika kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilikuwa hukumu ya kifo kwa watu wasiohesabika. Baada ya mauaji ya kimbari, serikali ya Rwanda ililiondoa katika vitambulisho.

Hatutaji mambo haya ili kusema kwamba utepe wa hoteli ni kipande. Tunayataja ili mpaka uonekane. Rangi ya utepe ieleze mahali mvaaji anaporuhusiwa kufika: jukwaa hili, ukumbi ule, ghorofa ile. Isieleze kabila lake, dini yake, taifa lake wala mfuko wake. Utepe uvaliwe na wote wanaoingia, mkubwa kwa mdogo. Waziri akipita bila utepe na mwanafunzi akakabwa, utaratibu umekwisha kufa, kwa sababu kesho adui atavaa suti na kushuka katika gari zuri.

Kenya imejaribu kuuandika mpaka huo katika sheria. Sheria yake ya mwaka 2016 ya kusimamia ulinzi wa makampuni binafsi inamruhusu mlinzi kumtaka anayeingia ajitambulishe na kuandika saa yake ya kuingia na ya kutoka, lakini inataka habari hizo zitumike kwa ajili ya utambulisho tu. Mwaka 2019 nchi hiyo ilipitisha pia sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Ni jambo la busara. Vitambulisho vya watu vikirundikwa katika sanduku la bati langoni, na daftari la majina na namba za simu likiachwa wazi mezani kwa kila apitaye kusoma, lango lenyewe linakuwa chanzo cha uhalifu. Utepe wenye namba unaweza kusaidia hapa: mlinzi akikisoma kitambulisho, akaandika yanayohitajiwa na kumrudishia mwenyewe papo hapo, mgeni hubaki na mali yake na lango hubaki na namba yake.

Na jinsi ya kuufunga ina maana yake. Askari anayemshika mgeni mkono kwa nguvu kana kwamba anamtia pingu, amekwisha kumfanya mgeni huyo aifiche habari ambayo angeitoa kwa hiari. Mgeni aliyesalimiwa, akaelezwa kwa maneno mawili sababu ya ukaguzi, na kutakiwa radhi kwa usumbufu, hugeuka kuwa jicho la pili la mlinzi. Yeye ndiye atakayerudi kusema, "Afande, kuna mkoba umeachwa kule hauna mwenyewe." Aliyetukanwa langoni ataupita mkoba huo akanyamaza.

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mnaoshika zamu katika malango ya nchi hii usiku na mchana, yaliyowapata jirani zetu yanatuhusu. Wageni wetu na wageni wao ni wale wale, mipaka yetu ni ya pamoja, na adui anayejaribu lango la Kampala leo anaweza kujaribu la Arusha kesho. Tepe zinunuliwe, na mashine za kugundua chuma zinunuliwe. Lakini kabla ya fedha kutolewa kwa ajili ya vifaa, viongozi wa vikosi wajiulize: mlinzi wa lango letu amelala saa ngapi? Amekula? Amefundishwa? Analo daftari, na yuko ofisa anayelikagua? Akimzuia mkubwa asiye na utepe, atapongezwa au ataadhibiwa?

Swali hilo la mwisho ndilo litakaloamua mengine yote. Mlinzi anayejua kwamba mkuu wake atasimama nyuma yake atamzuia mtu asiyestahili kupita, awe amevaa nini. Mlinzi anayejua kwamba ataadhibiwa ataitazama rangi ya utepe, atapiga saluti, na kufungua lango.